Namna ya kuendesha kifaru cha mwaka 1916 na ukatoka mzima

Kwanza toa kichwani hii midude ya siku hizi yenye mnara unaozunguka juu. Kifaru ninachokuelekeza hapa ni Mark I ya Mwingereza, ile ya kwanza kabisa kuingia vitani, tarehe 15 Septemba 1916 kule Flers kwenye vita vya Somme, Ufaransa. Umbo lake ni kama msambamba uliolala ubavu, cheni zimezunguka mwili mzima kuanzia chini mpaka juu ya paa, tani 28, watu 8 ndani, na kasi yake kwenye ardhi nzuri ni kama kilomita 6 kwa saa, yaani mtu akitembea kwa haraka kidogo anakupita. Halafu kwenye mashimo ya mabomu hata hiyo 6 huioni.

Ili ukiendeshe vizuri lazima uelewe kilitengenezwa kwa ajili ya nini, maana bila hivyo utakiona cha kipuuzi tu. Hii ni Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, Mwingereza na Mfaransa upande mmoja, Mjerumani upande wa pili, na tangu mwisho wa 1914 majeshi yalikuwa yamejichimbia chini, mahandaki yametoka baharini kule Ubelgiji mpaka mpaka wa Uswisi, mbele ya handaki kuna seng'enge mapande kwa mapande, nyuma ya seng'enge kuna bunduki za rasharasha, na kati yenu na adui kuna uwanja ambao kila anayesimama anaanguka. Maisha ya humo ndani ndo usiseme. Handaki linachimbwa kwa kona kona, halinyooki, ili bomu likitua sehemu moja lisiwafagie wote na adui akiingia asipige risasi toka mwanzo mpaka mwisho. Ukichungulia juu kwa macho yako badala ya periskopu (bomba lenye vioo la kuchungulia ukiwa chini) unapigwa na mdunguaji. Alfajiri na jioni wote mnasimama na silaha kungoja shambulio, usiku mnabeba chakula na kutengeneza seng'enge, mchana mnaibia usingizi na chawa na panya. Miguu ikikaa kwenye maji siku nyingi inavimba na kuoza, ndo maana maofisa walilazimisha watu wabadili soksi na kupaka mafuta ya nyangumi. Maji ya kunywa mara nyingi yalikuja kwenye madebe ya petroli, basi chai nayo inanukia petroli.

Sasa mtu anayeishi hivyo ukimwambia kuna boksi la chuma linalokanyaga seng'enge na kuvuka handaki, anakubali kufa nalo. Wazo lilisukumwa na Ernest Swinton, ofisa wa jeshi la Uingereza, Churchill akaunda kamati ya kulishughulikia Februari 1915 akiwa bado waziri wa jeshi la majini (ndo maana mwanzoni waliziita meli za nchi kavu), halafu mainjinia William Tritton na Walter Wilson wakalipika pale Lincoln, Uingereza, mpaka likatoka. Jina tanki lilikuwa danganya toto, wapelelezi waamini ni matangi ya kubebea maji. Sisi tukaita kifaru, na kwa maoni yangu sisi ndo tumelipatia.

Haya, kazi inaanza kabla ya vita. Kama kimeletwa kwa treni ujue vile vibanda vya mizinga vya pembeni vimefunguliwa ili kipite kwenye reli, kwa hiyo mtashika spana nyie wenyewe na kurudishia, bolti moja baada ya nyingine. Kagua cheni, paka grisi, jaza petroli na maji. Halafu mchana wa kabla ya shambulio nenda kwa miguu ukaitazame njia, na hapa ndo watu wengi waliharibu, wanadhani chuma kitapita popote. Hakipiti. Angalia wapi udongo umelainika, wapi kuna visiki vya msitu uliopigwa mabomu, wapi kuna handaki lenu wenyewe lenye watu (usije ukawaangukia wa kwenu). Usiku utaendesha kwa kufuata utepe mweupe uliotandikwa chini, na mara nyingi kamanda anashuka na kutangulia kwa miguu kukuonyesha. Pale Flers vifaru 49 vilipangwa, na kama theluthi hivi havikufika hata mstari wa kuanzia, vimekufa au vimekwama njiani, kabla Mjerumani hajafyatua risasi hata moja. Shika hilo, adui wa kwanza ni ardhi, wa pili injini, Mjerumani ni wa tatu.

Kuwasha. Injini ni Daimler ya silinda 6, nguvu za farasi 105, na iko katikati ya chumba mlichokaa nyie, haina ukuta wa kuitenga na watu. Hakuna stata. Kuna hendeli kubwa kwa nyuma, wanaume watatu wanne wanaizungusha kwa pamoja, na ikigoma mnarudia. Ikishawaka hamsikilizani tena. Kwa hiyo kabla ya kuwasha kubalianeni ishara za mikono na za kugonga, nani akionyeshwa ngumi afanye nini, kwa sababu baadaye ukipiga kelele hata aliyeko nusu mita hakusikii.

Kukaa: dereva na kamanda mbele, bega kwa bega. Kila upande mpiga mzinga na mjazaji wake, yaani watu wawili. Nyuma kabisa kuna watu wawili wa gia, mmoja wa cheni ya kulia na mmoja wa kushoto, na hao msiwadharau maana bila wao kifaru hakikati kona. Kwenda mbele dereva anamudu mwenyewe kwa klachi na gia yake kuu. Kona ndogo sana unatumia magurudumu mawili yaliyofungwa nyuma kama mkia, unazungusha usukani na kuomba Mungu, maana kwenye ardhi iliyochimbika yale magurudumu yalikuwa pambo tu na baada ya miezi michache waliyatoa kabisa.

Kona ya kweli ndo mtihani, na hii nitaieleza taratibu. Tuseme unataka kwenda kulia. Unasimamisha kifaru kabisa. Unafunga difu (ile gia inayogawa nguvu ya injini kwa cheni mbili), kwa sababu difu isipofungwa nguvu yote inakimbilia upande utakaoachwa huru na mtabaki mnanguruma mahali pamoja. Unampa ishara mtu wa gia wa kulia, anaweka gia yake huru. Unaingiza gia ya kwanza, unaachia klachi polepole, na hapo hapo kamanda anavuta breki ya cheni ya kulia. Cheni ya kushoto inasukuma, ya kulia imeshikwa, mdude mzima unageuka ukiburuza udongo. Ukiona umeelekea unakotaka unasimama tena, mtu wa gia anarudisha gia yake, difu inafunguliwa, mnaendelea. Watu wanne kwa kona moja, na muda wote huo mmesimama kama shabaha. Ushauri wangu ni panga njia yako iwe na kona chache kadiri inavyowezekana, lenga mbali, rekebisha mapema. Ukikosana na mtu wa gia jana usiku malizaneni kabla ya safari.

Seng'enge usiiogope, hiyo ndo raha ya kazi, ipitie moja kwa moja kwa mwendo ule ule, cheni zinailaza na watu wa miguu wanapita nyuma yako. Handaki ndo linataka akili. Mark I inavuka upana wa kama mita 3 na nusu, ikizidi hapo unadondokea ndani. Lifuate likiwa limekaa mkabala na wewe, usiliingie kwa ubavu hata kidogo, maana cheni moja ikitangulia kifaru kinalala upande na hakitoki. Pua inatoka nje ya ukingo, inaning'inia, inaning'inia, halafu ghafla inaanguka mpaka ng'ambo. Hapo punguza mafuta mapema ili ishuke kwa adabu, wape wenzako ishara washikilie kitu, ila wasishike injini wala bomba la moshi, wengi waliungua mikono hivyo hivyo kwa kujishikilia palipo karibu. Pua ikigusa ng'ambo ongeza mafuta na kifaru kinajivuta juu. Tahadhari moja: matangi ya petroli ya Mark I yapo mbele juu na mafuta yanashuka yenyewe bila pampu, kwa hiyo pua ikilala chini sana kwa muda injini inakosa mafuta na kuzima, yaani mmeinama kwenye handaki la adui huku mnazungusha hendeli. Usikae hapo. Pita.

Baadaye Wajerumani walishtuka wakapanua mahandaki yao, basi mwaka 1917 pale Cambrai, Ufaransa, vifaru vya Mwingereza vilibeba juu tita kubwa la fito lililofungwa minyororo, zaidi ya tani moja, unaliangusha ndani ya handaki kisha unapita juu yake. Unalo moja tu na huwezi kuliokota tena, ndo maana walikwenda kwa makundi, huyu anaangusha kwenye handaki la kwanza, mwenzake anapita na kuangusha la pili. Siku hiyo, 20 Novemba, Waingereza walitoka na vifaru zaidi ya 400 na ardhi ilikuwa kavu na haijachakazwa na mizinga ya wiki nzima kabla ya shambulio, na matokeo yakaonekana. Linganisha na Ypres, Ubelgiji, miezi mitatu minne nyuma, vifaru vile vile vilizama kwenye tope mpaka vibanda vya mizinga. Mashine haikubadilika, udongo ndo ulibadilika.

Mwili wako. Joto ndani linafika nyuzi 50, moshi wa injini na wa baruti haupati pa kutokea, na ile hewa ya sumu ya injini haina harufu ya kukuonya. Ukiona kichwa kinagonga, unatapika, mwenzako anaongea hovyo, fungueni milango mkipata sehemu yenye kificho, hata dakika chache. Risasi zikipiga bamba kwa nje vipande vidogo vya moto vinaruka ndani, kwa hiyo vaa ile barakoa ya ngozi yenye pindo la cheni ndogo ndogo mdomoni, inachosha ila macho hayana spea. Na usiamini bamba kupita kiasi, linaanzia milimita 6 mpaka 12 tu, Mjerumani alikuwa na risasi za kutoboa chuma ambazo kwa Mark I zinaingia. Bomu la mzinga likikupata moja kwa moja hapo hakuna maelekezo. Kuhusu mabomu ya mkono, juu ya paa kuna kichanja cha wavu kilichoinama, yanateleza pembeni, kihakikishe hakijalegea.

Redio hamna. Mna njiwa. Unaandika ujumbe mfupi, unamfunga mguuni, unamtoa kwenye tundu, na kama naye hajaleweshwa na moshi ataruka kurudi nyuma.

Mkikwama, na mtakwama, msikanyage mafuta kwa hasira, cheni zinachimba na tumbo linakaa kwenye udongo, hapo basi tena. Jaribu kurudi nyuma kwenye alama zako mwenyewe, zile zimeshashindiliwa. Kwenye Mark IV ya 1917 walitufikiria kidogo, kuna gogo refu limelala juu ya paa, mtu anatoka nje analifunga kwenye cheni zote mbili kwa minyororo, kifaru kikijongea gogo linapita mbele na kuingia chini ya tumbo, cheni zinapata pa kukanyaga. Tatizo ni hilo neno "mtu anatoka nje", chagueni mapema ni nani, msianze kutazamana wakati risasi zinanyesha.

Ikishindikana kabisa chomoeni bunduki za rasharasha zinazobebeka, chukueni risasi na maji, tokeni kwa mlango wa upande usioelekea adui mmoja mmoja, ingieni kwenye shimo la bomu lililo mbali kidogo na kifaru, maana mizinga itakipiga chenyewe kwanza, na mwanga ukipungua rudini kwa kufuata alama za cheni zenu.