Kufunga alamu ya gesi kwenye karavani

Jirani yangu wa Kigamboni ana karavani, yaani nyumba ya magurudumu, anayoikokota kwa gari hadi Bagamoyo na Mikumi, na anapikia mtungi wa kilo 6 humo humo ndani. Tumemaliza kumfungia alamu ya gesi. Utaratibu ni huu.

1. Nunua ya volti 12. Kariakoo utapewa haraka ile ya kuchomeka ukutani. Iache, ni ya nyumbani. Hakikisha boksi limeandikwa LPG, yaani gesi ya kupikia ya mtungi. Ya kaboni monoksidi, gesi ya sumu itokayo kwenye moto, ni kifaa kingine kabisa.

2. Funga koki ya mtungi, chomoa betri.

3. Chagua mahali, na hapa usiwe na haraka. Gesi ya kupikia ni propani na butani, zote nzito kuliko hewa: propani mara moja na nusu, butani kama mara mbili. Ikivuja inashuka, inatambaa sakafuni na kujaa kuanzia chini, na propani ikifika takriban asilimia 2 ya hewa, cheche moja inatosha kuilipua. Wengi hufunga alamu juu ya jiko kwa sababu ndipo penye nafasi. Pale italia umeshachelewa, hasa kwa aliyelala kwenye kitanda cha chini. Funga sentimita 15 hadi 30 kutoka sakafuni, jirani na jiko lakini mafuta yasiirukie. Mlangoni hapana, upepo utapeperusha gesi kabla haijaifikia. Nyuma ya mto wa kiti pia hapana. Na matundu ya sakafuni usiyazibe matambara kwa kuogopa vumbi: gesi ikivuja hutoka nje kupitia hapo.

Halafu kuna mbu. Dawa nyingi za kopo husukumwa na gesi hizi hizi, kwa hiyo ukipuliza jioni alamu italia. Haijaharibika. Watu huchoshwa na kelele wakachomoa waya, na hapo wamebaki bila ulinzi. Tumia chandarua.

4. Vuta umeme moja kwa moja kutoka kwenye betri, usidandie waya wa taa. Ukizima swichi kuu ukalale, alamu nayo imezimika. Weka fyuzi karibu na chanya, ya ukubwa uliotajwa kwenye karatasi yake. Maungio mimi nachomelea risasi na kuyavika mpira unaosinyaa kwa joto. Kusokota waya na kuzungushia selotepu, kwa hewa ya chumvi ya pwani yetu, sikubali. Alamu hunyonya betri muda wote, hivyo karavani ikiegeshwa wiki kadhaa, funga mtungi kwanza ndipo utoe fyuzi.

5. Washa, subiri taa itulie, kisha achia gesi ya kiberiti cha gesi bila kukiwasha, karibu na matundu yake. Kitufe cha kujaribia mara nyingi hupima kengele tu.

6. Fungua mtungi, paka povu la sabuni kwenye regulata na mpira wa gesi. Penye kutoa mapovu panavuja.

Ikilia usiku: usiwashe wala kuzima taa. Fungua mlango, toa watoto, funga mtungi.