Hesabu Kwanza, Jina Baadaye: Kutambua Arithropoda wa Kigoma

Katika Kiswahili chetu cha kila siku, karibu kila kitambaacho ni mdudu. Nge ni mdudu, tandu ni mdudu, na wapo wanaomwita mdudu hata mnyoo. Nyumbani hakuna ubaya. Taabu inaanzia maabara, kwa sababu mwalimu wa baiolojia akisikia "mdudu" anamfikiria mnyama wa miguu sita peke yake, na mwanafunzi aliyeletewa nge anapoteza alama zote. Nimeandaa sampuli za arithropoda, yaani wanyama wenye ganda gumu la nje na miguu yenye viungo, za mafunzo kwa vitendo hapa Kigoma kwa miaka mingi, na ninachowasisitizia wanafunzi ni hiki: usitaje jina kabla hujahesabu.

Hatua ya 1: Andaa vifaa

Sinia jeupe, lenzi ya mkono inayokuza mara 10, kibano kirefu, vichupa vyenye mfuniko, spiriti ya asilimia 70, karatasi na penseli. Penseli ni lazima, maana wino unayeyuka ndani ya spiriti na lebo inabaki tupu.

Hatua ya 2: Kusanya

Anza usiku. Tundika shuka jeupe karibu na taa ya nje. Mvua za kwanza zikishanyesha, kumbikumbi, nondo na mbawakawa watakuja wenyewe.

Nge mtafute kwa ile taa ndogo ya zambarau ambayo wenye maduka hukagulia noti bandia. Zima taa nyingine zote, mulika kwenye rundo la matofali au chini ya magome, naye atang'aa rangi ya kijani kibichi inayoelekea samawati. Kinachong'aa ni ganda lake. Nge aliyejivua gamba karibuni hang'ai mpaka ganda jipya likomae, kwa hiyo usipomwona usijiamini ukaingiza mkono. Mshike mkia kwa kibano, vidole vikae mbali.

Asubuhi fukua majani yaliyooza chini ya michikichi upate jongoo na tandu. Kisha teremka ziwani, mahali penye maji ya magotini, ugeuze mawe taratibu kutafuta kaa. Kila jiwe lirudishe lilivyokuwa, kwani lile ni paa la mtu. Ndani ya Hifadhi ya Gombe usiokote chochote bila kibali.

Hatua ya 3: Hakikisha ni arithropoda

Tafuta mambo matatu kwa pamoja: mwili wa pingili, ganda gumu la nje, na miguu yenye viungo. Konokono ana ganda lakini hana miguu yenye viungo, mtoe. Mnyoo wa ardhini ana pingili lakini hana ganda wala miguu, mtoe pia.

Ganda hilo, lenye kaitini (dutu ngumu) ndani yake, halikui pamoja na mwili, ndiyo maana mnyama hulazimika kulivua. Ukikuta ganda kuukuu la panzi limeng'ang'ania bua la muhindi, liinue juani ulitazame kwa lenzi. Mgongoni limepasuka mstari mmoja ulionyooka, na ndani vinaning'inia vijiuzi vyeupe. Vijiuzi hivyo ni bitana ya mirija yake ya hewa. Panzi havui koti la nje tu, anavua hadi ndani ya njia zake za kupumulia. Kila ninapowaonyesha wanafunzi jambo hili, darasa linanyamaza.

Hatua ya 4: Hesabu

Anza na vipapasio, zile nyuzi za kichwani za kupapasia, ndipo uende kwenye miguu. Wengi hugeuza mpangilio huu, wakakosea.

Jozi moja ya vipapasio na miguu sita: mdudu halisi. Mwili wake ni kichwa, kifua na tumbo, na miguu yote imeota kifuani. Panzi ndiye wa kujifunzia. Mlaze ubavu, fuata pembeni mwa tumbo utaona vitundu vidogo vimepangana, ndivyo anavyopumulia. Ana jozi 10, mbili kifuani na nane tumboni.

Hakuna vipapasio, miguu minane: kundi la buibui, nge, kupe na papasi. Hapa ndipo ninaposikia, "Mwalimu, huyu nge wangu ana miguu kumi." Hapana, mwanangu. Yale makoleo mawili ya mbele si miguu, ni viungo vya kukamatia chakula. Buibui naye ana jozi fupi kama hiyo kando ya mdomo. Tena kuna mtego mkubwa zaidi: kupe aliyetoka kwenye yai ana miguu sita tu, miwili iliyobaki anaipata akishajivua gamba. Aliyeanza na miguu atamwita mdudu. Aliyeanza na vipapasio hadanganyiki.

Jozi mbili za vipapasio: kundi la kaa na kamba. Kaa ana miguu kumi, na kwake yeye makoleo yanahesabiwa. Mpindue uone mkia uliokunjwa chini ya tumbo. Ukiwa mwembamba ni dume, ukiwa mpana ni jike. Katika Ziwa Tanganyika wamo kaa wa jenasi Platythelphusa, ambao ni wa ziwa hili. Kopepodi, viumbe wadogo wanaoelea majini na kuliwa na dagaa wetu, nao ni wa ukoo huu.

Jozi moja ya vipapasio na miguu isiyohesabika haraka: tandu au jongoo. Tandu ana jozi moja kila pingili na anauma kwa sumu, kwa hiyo kibano tena. Jongoo ana jozi mbili kila pingili, ila usihesabie karibu na kichwa: pingili ya kwanza haina miguu, na tatu zinazofuata zina jozi mojamoja. Hesabia katikati. Ukimaliza nawa mikono, majimaji yake yanachoma macho.

Hatua ya 5: Andika lebo, rudisha wengine

Weka kwenye spiriti mmoja wa kila aina, si zaidi. Kaa na jongoo mimi huwachora, kisha nawarudisha nilipowatoa siku hiyohiyo. Lebo iingie ndani ya kichupa, isibandikwe nje, na iseme mahali, tarehe, saa na alipokuwa: "Kibirizi, chini ya jiwe, maji ya magotini, saa moja asubuhi." Nafasi ya jina iache wazi mpaka hesabu zako zote ziwe zimeandikwa.