Kuhifadhi kadi za QSL za redio ya ridhaa
Ukirithi kadi za QSL, zile ambazo wapenzi wa redio ya ridhaa hutumiana kwa posta kuthibitisha kwamba waliwasiliana hewani, usikimbilie kuzipanga upya kwa kufuata uzuri wa picha, kwa maana mpangilio aliouacha mwenyewe nao ni sehemu ya historia. Piga skani pande zote mbili, kwa ubora usiopungua nukta 300 kwa inchi, kwa sababu alama ya utambulisho wa kituo mara nyingi huwa mbele, ilhali tarehe, saa ya UTC (saa ya pamoja ya dunia), masafa ya mawimbi na ripoti ya usikivu huandikwa nyuma kwa mkono, na huko nyuma ndiko kwenye thamani hasa. Ondoa mipira ya kufungia na klipu zinazoshika kutu. Maelezo yako yaandike kwa penseli laini. Mifuko ya plastiki aina ya PVC iepukwe kabisa, kwani huchakaa na kutoa kemikali zinazoharibu karatasi na wino. Daftari la mawasiliano lisitenganishwe na kadi zake. Kabla ya kutuma chochote kwa hifadhi ya nyaraka za redio kama Dokumentationsarchiv Funk ya Vienna, Austria, iandikie kwanza uulize inapokea nini.