LTSP: Seva moja kwa chumba kizima cha kompyuta za Linux

Chumba chenye kompyuta ishirini zilizowekewa Linux moja moja kinadai masasisho mara ishirini na akaunti mara ishirini, huku diski za zamani zikifa kwa zamu. LTSP (Linux Terminal Server Project) huipeleka kazi hiyo yote kwenye seva moja. Mashine za chumbani huwaka kupitia mtandao, husoma mfumo kutoka kwenye faili moja iliyo kwenye seva, na hazihitaji diski kabisa. Programu zenyewe huendeshwa na kichakata na RAM ya mashine aliyokalia mtumiaji, kwa hiyo seva haihitaji nguvu za ajabu.

Kabla ya kuanza, jihadhari na miongozo ya zamani iliyojaa mtandaoni. LTSP iliandikwa upya mwaka 2019. Mwongozo wowote unaokuelekeza kutumia `ltsp-build-client` au faili la `lts.conf` ni wa toleo la 5. Uache, maana amri hizo hazipo tena.

Vifaa

Kwa mashine 20, seva yenye RAM ya GB 8 hadi 16 na SSD inatosha. Mashine za chumbani ziwe na angalau GB 2, ingawa GB 4 ndiyo inayofaa kwa vivinjari vya leo. Ukiwa na fedha kidogo tu za kuongeza, zipeleke kwenye swichi ya mtandao. Swichi ya 100 Mbps hupitisha takriban MB 12 kwa sekunde, na mashine 20 zikiwashwa pamoja kila moja hubaki na chini ya MB 1. Darasa litakaa likitazama skrini nyeusi. Kwa gigabiti, kila mashine hupata kama MB 6. Kinachobana zaidi ni waya kati ya seva na swichi, kwa hiyo hapo tumia kebo ya Cat5e au bora zaidi, na uhakikishe kadi ya mtandao ya seva ni ya gigabiti. Wi-Fi haifai kwa kazi hii.

Seva na swichi ziwe kwenye UPS. Umeme ukikatika kwenye seva kwa sekunde moja, mashine zote huganda, kwa sababu mfumo wao unasomwa kutoka huko.

Kusimika seva

Sakinisha Debian 12 au mpya zaidi pamoja na mazingira mepesi ya dawati kama XFCE au MATE. Ubuntu pia inafanya kazi, lakini Firefox yake huja kama snap (aina ya kifurushi cha programu cha Ubuntu), na snap hugoma pale folda ya mtumiaji inapoletwa kwa SSHFS (kufungua folda ya seva kupitia muunganisho salama wa SSH), ambayo ndiyo njia ya kawaida ya LTSP. Debian ina `firefox-esr` ya kawaida, basi unaepuka taabu hiyo tangu mwanzo.

Nenda kwenye ruta, uifungie seva anwani moja isiyobadilika kwa kutumia MAC yake (namba ya kipekee ya kadi ya mtandao). Kisha, ukiwa root:

```
apt install --install-recommends ltsp ipxe dnsmasq nfs-kernel-server openssh-server squashfs-tools ethtool net-tools epoptes
gpasswd -a jina_lako epoptes
```

Sakinisha sasa programu zote ambazo watumiaji watahitaji: LibreOffice, GIMP, za kuchapa, za hesabu. Mfumo wa seva ndio utakaonakiliwa kwenda kwa mashine zote, kwa hiyo fungua kila programu uijaribu hapo hapo. Kwa sababu hiyo hiyo, usiweke kwenye seva hii hifadhidata ya ada wala mfumo mwingine wenye siri. Taswira ya mfumo (nakala yake iliyobanwa kuwa faili moja) hutolewa kwa NFS (njia ya kushiriki faili mtandaoni), na yeyote aliyechomeka kebo anaweza kuisoma.

Sasa amri tano, kwa mpangilio huu:

```
ltsp dnsmasq
ltsp image /
ltsp ipxe
ltsp nfs
ltsp initrd
```

Ya kwanza huandaa dnsmasq, programu inayozielekeza mashine zinapowaka kupitia mtandao. Ruta inaendelea kugawa anwani kama kawaida, na seva huongeza taarifa moja tu: faili la kuwashia liko wapi. Ya pili huubana mfumo wa seva kuwa faili `/srv/ltsp/images/x86_64.img`. Huchukua dakika kadhaa na hudai GB kadhaa za nafasi, basi angalia `df -h` kwanza. Ya tatu hutengeneza menyu ya kuwashia, na ya nne huruhusu mashine kusoma taswira. Ya tano ndiyo inayosahauliwa kuliko zote. Hufunga ndani ya `ltsp.img` orodha ya watumiaji, mipangilio ya `ltsp.conf` na funguo za SSH za seva. Kila ukiongeza mtumiaji au kugusa mipangilio, iendeshe tena.

Kama huna mamlaka juu ya ruta, au mtandao wa jengo unatumiwa na ofisi nyingine, weka kadi ya pili ya mtandao kwenye seva. Kadi ya ndani (ya upande wa chumba) ipe anwani 192.168.67.1/24 bila geti (gateway), tumia `ltsp dnsmasq --proxy-dhcp=0` badala ya amri ya kwanza, na uandike `NAT=1` chini ya `[server]` kwenye `ltsp.conf` (linakili kwanza faili hilo kama ilivyo hapa chini) ili intaneti ipite. Kisha washa seva upya. Kwa chumba kikubwa tunapendelea njia hii. Inagharimu kadi moja tu, na matatizo ya ruta ya watu wengine hayakuhusu tena.

Mipangilio na watumiaji

Nakili faili la mfano:

```
install -m 0660 -g sudo /usr/share/ltsp/common/ltsp/ltsp.conf /etc/ltsp/ltsp.conf
```

Kila mashine unaweza kuipa jina kwa MAC yake:

```
[00:11:22:33:44:55]
HOSTNAME=pc01
```

Bandika jina hilo hilo kwenye kasha la mashine. Siku mtu akilalamika kuwa ya dirishani imekwama, utajua ni ipi.

Watumiaji huundwa kwenye seva kwa `adduser`, kisha `ltsp initrd`. Nywila hazisafiri ndani ya taswira: mtumiaji anapoingia, mashine huuliza seva kwa SSH, na folda yake huletwa kwa njia hiyo hiyo. Kwa hiyo ukizuia nywila kwenye `sshd_config`, hakuna atakayeingia. Nywila ibadilishwe kwenye seva.

Folda za watumiaji unaweza pia kuzileta kwa NFS, ambayo ni nyepesi zaidi kwa kichakata cha seva. Lakini NFS ya aina hiyo huiamini mashine yoyote iliyo kwenye mtandao, na mwenye laptopu yake atasoma kazi za wote. Shuleni, baki na SSHFS.

Mashine ikigoma kuwaka

Kwenye BIOS washa kuwaka kupitia mtandao (huitwa PXE, Network Stack au LAN Boot ROM, kutegemea mtengenezaji), kisha zima Secure Boot, kwa kuwa faili la kuwashia halina sahihi inayotambuliwa nayo. Baada ya hapo soma namba ya kosa kwenye skrini, kwani inakuelekeza mahali penyewe.

PXE-E61 ni kebo au kichwa chake. Badilisha kebo kabla ya kugusa kitu kingine.

PXE-E51 maana yake hakuna aliyejibu ombi la anwani. Ikiwa kebo ni nzima na ruta inafanya kazi, shuku swichi ya kusimamiwa yenye STP (kinga dhidi ya data kuzunguka bila mwisho). Kila mlango unapowashwa, swichi hiyo husubiri kama sekunde 30 kabla ya kupitisha data, na PXE huwa imeshakata tamaa. Washa PortFast, au mpangilio wa mlango wa pembeni, kwenye milango ya mashine.

PXE-E53 ni anwani imepatikana ila jina la faili halikuja: ruta imejibu, dnsmasq imenyamaza. Angalia `systemctl status dnsmasq`. Ikiwa inaendelea vizuri, tazama fayawoli. Kwenye ufw haitoshi kuruhusu anwani za mtandao wako tu, kwa sababu mashine inayoomba anwani bado haina anwani na ombi lake hutoka 0.0.0.0. Unahitaji zote mbili:

```
ufw allow 67/udp
ufw allow from 192.168.1.0/24
```

Badilisha namba za mstari wa pili zifuate mtandao wako. Kuna pia bodi chache za zamani ambazo hupuuza jibu la seva ya pili hata lifike salama. Hizo dawa yake ni kadi mbili za mtandao.

PXE-E32 ni TFTP (njia inayoleta faili la kuwashia) kuzuiwa, yaani mlango wa UDP 69.

Menyu ikionekana kisha mashine ikaishia kwenye `(initramfs)`, kiini cha mfumo (kernel) kimefika ila taswira haisomeki. Endesha `ltsp nfs` tena, na uhakikishe `ltsp image` ilimaliza bila kukosa nafasi. Na kama mfumo unawaka lakini nywila sahihi inakataliwa, mtumiaji huyo aliongezwa bila `ltsp initrd`.

Kusimamia kila siku

Epoptes huonyesha skrini zote kwenye dirisha moja la mwalimu. Anaweza kufunga skrini, kurusha skrini yake kwa wote, kuendesha amri kwenye mashine zilizochaguliwa na kuzizima zote jioni. Aliyeongezwa kwenye kundi la `epoptes` lazima atoke na kuingia upya kabla halijafanya kazi. Kuwasha mashine kutoka mbali kunahitaji Wake-on-LAN kwenye BIOS ya kila moja.

Watumiaji waelezwe jambo moja: kinachohifadhiwa nje ya folda yao hukaa kwenye RAM ya mashine na hupotea ikizimwa. Anayepakua faili kubwa kwenye `/tmp` anakula RAM yake mwenyewe.

Masasisho fanya mashine zikiwa zimezimwa: `apt update`, `apt full-upgrade`, washa seva upya, jaribu programu, kisha `ltsp image /`. Washa mashine moja kwanza. Taswira ya awali hubaki kama `x86_64.img.old`, kwa hiyo mpya ikileta shida unarudi nyuma hivi:

```
cd /srv/ltsp/images
mv x86_64.img x86_64.img.mbaya
mv x86_64.img.old x86_64.img
ltsp kernel x86_64
```

Mstari wa mwisho usiuache. Huchomoa kiini kutoka kwenye taswira ya zamani, la sivyo mashine zitawaka na kiini kipya kisichopata moduli zake. Irekebishe hitilafu kabla ya kuendesha `ltsp image /` tena, kwani ukiiendesha sasa, taswira iliyo salama itageuzwa kuwa `.old` na mbovu itachukua nafasi yake.