Kabla hujapeleka vitu vyako kwenye soko la buti Uingereza

Kuanzia Pasaka hadi mwishoni mwa Septemba, sehemu nyingi za Uingereza huwa na shamba au uwanja wa shule ambapo Jumapili asubuhi watu hupanga magari, hufungua mabuti na kuuza vitu wasivyovihitaji tena. Kwa anayehama nyumba, au ambaye watoto wamekua na nguo haziwaingii, ni njia nzuri ya kupunguza mizigo na kurudisha chochote mfukoni. Ila soko hili lina haraka zake. Wauzaji wengi huingia saa 12 asubuhi, na ikifika saa 5 utaona watu wameanza kufungasha. Yapo yanayoanza mchana, kama lile la Battersea jijini London, lakini ni machache. Kwa hiyo kazi kubwa ifanyike nyumbani, siku mbili tatu kabla.

Anza kwa kuchambua. Kabla hujaamua kuuza pasi, birika la umeme au blenda, kumbuka plagi za Uingereza ni zile zile za pini 3 za bapa tunazotumia Kenya, Uganda na Tanzania, na umeme wenyewe unalingana. Blenda nzima itakayokupatia pauni 3 pale uwanjani, shangazi yako Kisumu au Mwanza ataitumia miaka. Kama kuna pipa linapakiwa kwenda nyumbani, iingie humo. Naona ni hasara kubwa kuuza kitu kwa bei ya kutupa huku ndugu zako wanakinunua dukani kwa bei kamili.

Kuna vitu vya kuacha kabisa. Kiti cha gari cha mtoto usikipeleke, hata kama kinang'aa: kikishapita kwenye ajali kinaweza kuwa kimedhoofika ndani bila kuonekana, na mnunuzi hana njia ya kujua historia yake. Sofa na magodoro yaangalie kama bado yana lebo ya usalama wa moto. Waandaaji wengi hawataki kuyaona bila lebo hiyo. Mikoba na viatu vya nembo bandia ni hatari zaidi, kwa sababu kuviuza ni kosa la jinai na maafisa wa Trading Standards, yaani idara ya halmashauri inayosimamia haki katika biashara, hupita kwenye masoko haya. Simu na laputopu ondoa akaunti zako, kisha ufute kila kitu kabisa. Halafu pekua mifuko ya makoti na kurasa za vitabu, maana barua ya benki yenye jina na anwani yako si ya kumpa mtu usiyemjua.

Bei zipange ukiwa umetulia. Watu hawaji pale kulipa bei ya duka. Fulana ya mtoto itakwenda kwa peni 50 au pauni 1, na ndivyo soko lilivyo. Kwa kitu unachodhani kina thamani, tafuta kwenye eBay vilivyokwisha kuuzwa, si vinavyotangazwa, kwa sababu kutangaza mtu anaweza kutaja bei yoyote. Ukikuta kinafika pauni 30 au zaidi, kiuze mtandaoni. Vilivyobaki viandikie kwenye daftari bei ya kuanzia na bei ya mwisho. Mtu akianza kubishana nawe saa 12 na nusu, macho bado mazito, daftari ndilo litakalokuokoa.

Chenji ya pauni 20 au 30 itoshe, nyingi iwe sarafu za pauni 1 na peni 50, na uitunze kwenye mkoba wa kiunoni, kamwe si kwenye kopo mezani. Noti zichunguze. Zote halali za Benki Kuu ya Uingereza sasa ni za plastiki, zenye kidirisha kinachopitisha mwanga. Noti za karatasi za pauni 20 na 50 zilikoma kuwa halali tarehe 30 Septemba 2022, na pauni ya sarafu ya mviringo iliondoka tangu Oktoba 2017. Noti zenye picha ya Mfalme Charles zilianza kutumika Juni 2024. Za Malkia bado ni halali, usizikatae.

Sasa dakika zile za kwanza, ambazo ndizo zinazowashinda wageni wengi. Ukizima gari tu, wachuuzi wenye tochi, wanaonunua ili wakauze tena, watakuzingira hata meza hujaitoa. Watachungulia buti, mmoja atatumbukiza mkono kwenye boksi, mwingine atauliza kama una dhahabu, simu au vifaa vya fundi. Wanajua kwamba mtu aliyechanganyikiwa huuza rahisi. Ndiyo maana meza ya kukunja ipakiwe mwisho kabisa, ili itoke ya kwanza. Vitu vidogo vya thamani viache kwenye kiti cha mbele, milango imefungwa, mpaka upange. Waambie kwa upole wasubiri, na usitaje bei ya chochote ambacho bado kiko ndani ya boksi. Nenda na mwenzako: mmoja apange, mwingine ashike pesa.

Beba pia turubai, magazeti ya kufungia glasi, mifuko ya plastiki, na chai kwenye chupa, kwani baridi ya alfajiri haitazami mwezi. Mashamba yakilowa hufungwa, hivyo angalia tangazo la mwandaaji Jumamosi usiku na tena kabla hujawasha gari. Ada ya kuingia mara nyingi ni kama pauni 10 hadi 20, na vani hulipa zaidi.

Jambo moja la kisheria. Kuuza vyako ulivyotumia nyumbani kwa kawaida hakuna kodi. Ukianza kununua ili uuze kwa faida, hiyo ni biashara. Mapato ya hadi pauni 1,000 kwa mwaka wa kodi yamesamehewa, lakini mwenye viza ya mwanafunzi kwa kawaida haruhusiwi kujiajiri, awe amepata faida au hasara. Wanafunzi walizingatie hili kabla hawajanogewa.

Na uamue mapema vitakavyobaki vitakwenda wapi, kwa sababu vitabaki. Kuviacha uwanjani hairuhusiwi. Maduka ya hisani yatavipokea, lakini mengi hayachukui mizigo Jumapili jioni, na kuacha mifuko mlangoni huhesabiwa kuwa ni kutupa taka ovyo. Tenga kona nyumbani ya kuviweka hadi Jumatatu.