Kumiliki, Kutunza na Kuboresha BMW M5 ya Toleo la E39

BMW M5 ya toleo la E39, iliyotengenezwa kuanzia mwaka 1998 hadi 2003, ni sedani ya milango minne ambayo mtu asiyeijua anaweza kuipita bila hata kugeuza shingo. Chini ya boneti imekaa injini ya V8 iitwayo S62, yenye ujazo wa sentimita za ujazo 4,941 na nguvu farasi 400, nayo imefungwa giaboksi ya mkono ya gia 6, kwa kuwa M5 ya toleo hili haikutolewa na giaboksi ya otomatiki. Magari haya yote sasa yamevuka miaka 20, na lililochoka huweza kupatikana kwa bei ya kumtia tamaa mtu ambaye hajawahi kuuliza bei ya vipuri vyake. Hapo ndipo wengi wanaponaswa, kwa maana gari lilishuka thamani lakini pampu ya maji, klachi na shokapu zake hazikushuka nalo. Ushauri wangu ni kwamba mnunuzi atenge fedha za matengenezo ya mwaka wa kwanza kabla hajalipia gari lenyewe, na zisipungue robo ya bei ya ununuzi. Asiyeweza kutenga kiasi hicho angoje.

Ukaguzi uanze injini ikiwa baridi kabisa. Mwombe muuzaji asiiwashe kabla hujafika, kisha ukifika fungua boneti na uguse injini kwa kiganja, kwani muuzaji aliyeipasha moto mapema mara nyingi ana sauti anayotaka kuificha. Msaidizi wako aiwashe huku wewe umesimama mbele ya gari. Mlio kama wa kokoto ndani ya kopo, unaosikika mwanzoni na kufifia injini inapopata joto, kwa kawaida hutoka kwenye VANOS, yaani mfumo unaobadilisha taimingi ya kamshafti, mhimili unaofungua vali za injini. Injini nyingi za aina hii zina mlio huo kwa kiasi fulani, na ukarabati wake unajulikana. Mkwaruzo usiokoma upande wa mbele wa injini ni jambo jingine kabisa. Cheni ya taimingi huongozwa na reli za plastiki ambazo hukauka na kukatika kadiri miaka inavyokwenda, na kuzibadilisha kunahitaji kufungua sehemu yote ya mbele ya injini. Mkwaruzo huo ukiusikia, ama bei ishuke kwa kiasi cha kazi hiyo, ama urudi nyumbani.

Angalia pia mabaki meupe au ya rangi kuzunguka tangi la maji ya kupozea na kwenye viungo vya mipira, kwa kuwa kulanti iliyovuja na kukauka huacha alama. Injini iliyowahi kuchemka inaweza kusafishwa ikang'aa na kunguruma vizuri siku ya mauzo. Mwenye kovu usidhani kapoa. Omba risiti za matengenezo, uzisome moja baada ya nyingine, na ulinganishe kilomita zilizoandikwa humo na zile za dashibodi. Kwa maoni yangu, gari lenye kilomita 220,000 na faili nene la risiti ni salama kuliko lenye kilomita 110,000 na maneno matamu tu. Chini ya gari, chunguza kutu mahali pa kuwekea jeki, kwa kuwa vifuniko vya plastiki vilivyopo hapo hutunza unyevu na kuficha uharibifu.

Barabarani, mahali salama pasipo magari nyuma yako, fikisha mwendo wa kilomita 90 kwa saa kisha kanyaga breki kwa wastani. Usukani ukitetemeka mikononi, mtuhumiwa wa kwanza ni bushi, yaani mipira ya viungo, za mikono ya chini inayoshikilia magurudumu ya mbele, ambazo zina majimaji ndani yake na hupasuka kwa uzee. Nayasema haya kwa aibu kidogo, kwa sababu mimi mwenyewe niliwahi kupeleka gari kusawazishwa magurudumu mara tatu katika gereji moja, na kila mara nililipa na kurudi na mtetemo uleule, hadi fundi mzee alipoingiza nondo fupi kwenye bushi, akaisukuma, na mpira ukafunguka kama mdomo wa samaki. Kazi ya saa mbili ilimaliza tatizo la miezi mitano.

Gari likishakuwa lako, lichukulie kana kwamba halijawahi kuhudumiwa, hata kama muuzaji aliapa. Badilisha mafuta yote na filta zote ili kila hesabu ianze upya kwa tarehe unayoijua wewe. Injini ya S62 huchukua mafuta lita 6.5 hivi pamoja na filta, nayo hutumia oili nzito ya daraja la 10W-60; magari ya mwanzo yalitoka kiwandani na oili nyepesi zaidi, lakini mtengenezaji alihamia kwenye hiyo nzito mwaka 2000. Kompyuta ya gari huruhusu umbali mrefu kati ya huduma moja na nyingine, ila wamiliki makini hawauvumilii, na mimi hubadilisha kila kilomita 10,000 au kila mwaka, lolote litakalotangulia. Injini hii hunywa oili hata ikiwa nzima, hivyo pima kijiti kila unapojaza petroli mara ya pili, gari likiwa mahali tambarare, na uweke lita moja ya akiba kwenye buti.

Tabia ya dereva pia ni sehemu ya huduma. Kwenye geji ya mizunguko ya injini kuna taa ndogo ambazo huwaka kuanzia mizunguko ya chini injini ikiwa baridi, kisha huzimika moja moja kadiri oili inavyopata joto. Hazikuwekwa kwa ajili ya urembo. Zinaonyesha mpaka ambao hupaswi kuuvuka kwa wakati huo, na oili ya 10W-60 ikiwa baridi ni nzito kiasi kwamba anayekanyaga mafuta hadi mwisho akiwa hata hajatoka getini anailipa dhambi hiyo kwenye beringi.

Mfumo wa kupoza injini ndio unaostahili pesa yako ya kwanza baada ya oili. Rejeta, tangi la maji na viungo vya mipira vina sehemu nyingi za plastiki, na plastiki iliyopashwa moto na kupoa kwa miaka 20 haivuji taratibu ikikupa onyo, bali hupasuka ghafla. Hatari huongezeka kwa sababu mshale wa joto kwenye dashibodi umepangwa ukae katikati ingawa joto halisi linapanda na kushuka kwa nyuzi nyingi. Ukianza kusogea kuelekea kwenye wekundu, muda wa kuiokoa injini ni mchache sana. Simama, zima injini, wala usijaribu "kufika tu hapo mbele". Kifaa kidogo cha kusoma kompyuta ya gari huonyesha joto la maji kwa nambari, nacho kitakusaidia kujua joto la kawaida la gari lako ili lolote lisilo la kawaida likushtue mapema. Kama hakuna ushahidi wa maandishi kwamba rejeta, tangi, themostati, pampu ya maji na mipira vimebadilishwa ndani ya miaka minane au kumi, vibadilishe vyote kwa pamoja, kwa kuwa kubadilisha kimoja kimoja ni kumwaga kulanti mara tano.

Wakati wa kujaza upya, changanya kulanti isiyo na nitriti wala fosfati na maji yaliyochujwa kwa mvuke, nusu kwa nusu. Injini iwe baridi. Fungua swichi bila kuwasha injini, weka hita kwenye joto la juu kabisa na feni kwenye kasi ya chini ili vali za hita zifunguke, kisha legeza skrubu ya kutolea hewa iliyo karibu na mdomo wa tangi. Mimina polepole. Mwanzoni skrubu itatema mapovu na kukoroma, halafu mapovu yatapungua, na mwishowe maji yatatoka mkondo mmoja usiokatika. Hapo funga skrubu, na usiikaze kwa nguvu za hasira kwa kuwa nayo mara nyingi ni ya plastiki. Endesha gari kwa mwendo mfupi, liache lipoe usiku kucha, kisha pima tena asubuhi, kwa sababu hewa iliyobaki ndani hupanda juu baada ya safari ya kwanza. Kamwe usifungue kifuniko injini ikiwa ya moto.

Mengine nitayapitia kwa haraka. Mafuta ya breki ya DOT 4 yabadilishwe kila baada ya miaka 2. Difu ina klachi ndani yake za kuzuia gurudumu moja lisizunguke peke yake, kwa hiyo inahitaji oili yenye viongezi vya difu ya aina hiyo, la sivyo itagugumia kwenye kona. Oili ya giaboksi iliyotangazwa kuwa ya maisha yote haikukusudiwa maisha marefu kiasi hiki, basi imwage. Injini ina sensa 2 za kupima hewa, moja kwa kila upande, nazo hulegea kimyakimya bila kuwasha taa yoyote. Gari likionekana zito kuanzia mizunguko ya kati, soma takwimu za sensa hizo kabla ya kushuku kitu kikubwa. Maandishi ya dashibodi yanayofutika, feni ya hewa inayofanya kazi inapotaka yenyewe na taa za ABS zinazowaka pamoja na za mfumo wa kuzuia kuteleza ni magonjwa ya uzee yenye tiba zinazojulikana, na hakuna hata moja litakalokuacha njiani.

Sasa marekebisho, ambayo najua ndiyo uliyokuwa ukiyasubiri. Kanuni yangu ni kwamba gari lisiguswe hadi limalize miezi 6 likiwa katika hali yake ya kiwandani na likiwa zima, kwa sababu mtu hawezi kuboresha kitu ambacho hajawahi kukionja kikiwa sawa. Wengi waliosema usukani wa M5 ni mlegevu walikuwa wakiendesha bushi zilizokufa. Bushi mpya, shokapu mpya na alaimenti iliyopimwa kwa mashine hubadilisha gari hili kuliko kifaa chochote cha dukani.

Baada ya hapo, anza na breki. Diski za mbele zina kipenyo cha milimita 345, na zinatosha kwa barabara ya kawaida. Kinachokosekana ni uvumilivu wa joto kwa dereva anayezitumia kwa ukali gari likiwa na uzito wa karibu kilo 1,800. Pedi bora, mafuta mapya ya breki na mipira ya breki iliyosukwa kwa chuma vitampa dereva huyo karibu kila anachohitaji, kabla hajafikiria kununua kalipa kubwa ambazo mara nyingi hununuliwa ili zionekane kati ya mikono ya rimu.

Kwenye rimu kuna mtego unaostahili kuelezwa kwa undani. Nafasi ya boliti za E39 ni 5 kwa milimita 120, yaani boliti 5 kwenye duara lenye kipenyo cha milimita 120, kama ilivyo kwa BMW nyingi za enzi hizo, kwa hiyo mnunuzi huona rimu za toleo jingine zinaingia boliti zote na kudhani kazi imekwisha. Hata hivyo tundu la katikati la E39 lina kipenyo cha milimita 74.1, ilhali matoleo mengine mengi yana 72.6, na rimu zenye tundu dogo hazikai kwenye habu. Rimu za M5 zenyewe zina upana wa inchi 8 mbele zikivaa tairi za 245/40 R18, na inchi 9.5 nyuma zikivaa 275/35 R18. Vipimo hivyo vina uwiano mzuri, nami sioni sababu ya kuvikimbia. Boliti zikazwe kwa spana ya kipimo hadi Nm 120, kisha zipimwe tena baada ya kilomita 100 hivi.

Kuhusu injini, usitarajie miujiza kutoka kwa programu mpya ya kompyuta. Injini isiyo na tabo huongeza nguvu kidogo tu kwa njia hiyo, tofauti na injini za tabo ambazo programu peke yake huzibadilisha tabia. Ekzosi hutoa sauti zaidi kuliko nguvu, na inayopendeza ukiwa umesimama huweza kugeuka mvumo wa kuchosha masikio kwa saa tatu za safari. Isikilize kwanza kwenye gari la mwingine, tena ukiwa ndani na kwa mwendo wa safari. Kuondoa kichujio cha moshi ni kosa kisheria katika nchi nyingi, na harufu yake huingia ndani ya gari.

Rekebisho linalobadilisha mwendo kwa kweli ni uwiano wa difu, yaani idadi ya mizunguko ya shafti kwa kila mzunguko mmoja wa gurudumu. Ule wa kiwandani ni 3.15, na anayeweka 3.45 anapata msukumo mkubwa zaidi katika kila gia. Lakini piga hesabu kwanza: 3.45 ukigawa kwa 3.15 ni takriban 1.095, yaani safari uliyokuwa ukiifanya kwa mizunguko 3,000 sasa itahitaji karibu 3,290, pamoja na kelele na petroli inayofuatana nayo, na geji ya mwendo ihakikiwe kulingana na mahali inapochukulia taarifa zake. Anayeishi mjini huenda akafurahia badiliko hilo. Anayesafiri masafa marefu atalijutia.

Kila kifaa cha asili unachokitoa kifungwe kwenye karatasi, kiandikwe tarehe na kilomita, na kihifadhiwe mahali pakavu. Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja na uendeshe angalau wiki mbili kabla ya kugusa kingine, ili mlio mpya ukitokea ujue ni kifaa gani cha kukifungua kwanza.