Rola za Mashine ya Kukatakata Matawi Zikigoma: Tenganisha Ubovu wa Umeme na wa Haidroliki Kabla ya Kufungua Chochote

Injini inanguruma, diski ya visu inazunguka vizuri, lakini rola hazivuti tawi. Hapo wengi hukimbilia kufungua pampu ya haidroliki, kumbe kilichoharibika ni swichi ya kifuniko iliyojaa vumbi la mbao au waya uliokatikia ndani ya ngozi yake. Pampu iwe ya mwisho kushukiwa. Swali la kwanza ni moja tu: amri ya umeme inafika kwenye vali ya haidroliki, ile inayopeleka oili kwenye mota ya rola, au haifiki? Ikifika, tatizo litafute kwenye oili. Isipofika, lifuate kwenye waya.

Usalama

Zima injini, toa ufunguo, uweke mfukoni mwako mwenyewe. Diski ni nzito, huendelea kuzunguka kwa muda mrefu baada ya injini kuzimwa, kwa hiyo subiri isimame kabisa kisha uingize pini yake ya kufungia kabla ya kugusa kifuniko cha visu. Kwa kazi yoyote isiyohitaji kupima volti, ondoa waya hasi wa betri.

Oili yenye presha hupenya ngozi kupitia tundu dogo kuliko la sindano. Usitafute mvujo kwa kupapasa mpira kwa mkono, hata ukiwa na glavu. Pitisha kipande cha boksi gumu uone kama kinalowa. Mtu akichomwa na oili hiyo apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, hata kama haumii, na daktari aambiwe wazi kwamba ni oili ya haidroliki iliyoingia kwa presha.

Swichi za usalama zisirukwe kwa waya wa moja kwa moja, hata kwa kujaribu tu. Swichi hupimwa kwa mita, na mita hukupa jibu lile lile bila kumweka mtu hatarini.

Njia ya umeme ilivyo

Kwenye mashine nyingi zenye rola za haidroliki zinazoendeshwa kwa vitufe, umeme hutoka kwenye betri ukapita kwenye fyuzi, kitufe cha dharura, swichi za vifuniko, vitufe vya kuendeshea rola, kidhibiti, rilei (swichi inayoendeshwa kwa umeme), na mwishowe koili ya vali (waya uliosokotwa unaogeuka sumaku ukipata umeme na kusogeza vali), kisha ukarudi kwenye hasi. Vali huwa na koili mbili, moja ya kwenda mbele na moja ya kurudi nyuma.

Kidhibiti pia husoma sensa ya mwendo. Mizunguko ya injini ikishuka chini ya kiwango kilichowekwa, rola husimama, na kwenye baadhi ya mashine hurudi nyuma kidogo, mpaka injini ipate nguvu tena. Huo si ubovu. Rola zikisimama kila baada ya sekunde chache, angalia kwanza visu butu, nafasi kati ya visu na chuma cha kukatia, mkanda uliolegea na filta ya hewa iliyoziba.

Kipimo cha kutenganisha

Mashine nyingi hazipeleki umeme kwenye koili mpaka injini ifike mwendo wake wa kazi, kwa hiyo kipimo hiki hufanywa injini ikiwaka. Kifanye tu kama vali inafikika bila kuondoa kifuniko chochote, na asiwepo mtu mbele ya mdomo wa kulishia. Mmoja abonyeze kitufe cha mbele, mwingine asogeze ncha ya bisibisi ya chuma kwenye nati iliyo mwisho wa koili. Koili ikipata umeme, huivuta ncha hiyo kama sumaku, na utausikia mvuto mkononi.

Taa ndogo iliyo kwenye plagi ya koili usiitegemee peke yake. Taa huwaka kwa mkondo mdogo sana, ilhali koili inahitaji ampea moja hadi tatu. Waya uliobakiwa na uzi mmoja utaiwasha taa vizuri kabisa na vali isisogee.

Ukipata sumaku lakini rola hazizunguki, sukuma kwa kitu chembamba butu ile pini ndogo iliyo katikati ya mwisho wa koili. Pini hiyo husogeza vali kwa mkono bila kusubiri umeme wala swichi, kwa hiyo rola zitaanza ghafla. Zikizunguka, koili ni dhaifu au kijiti cha ndani ya vali kinakwama kwa uchafu. Zisipozunguka, nenda kwenye oili.

Kama rola zinarudi nyuma lakini hazisongi mbele, badilishana plagi za koili mbili, kisha bonyeza kitufe cha kurudi nyuma. Rola zikienda mbele, koili na vali ni nzima, ubovu uko kwenye rilei au waya wa mbele. Zisipotikisika, koili ya mbele au vali upande huo ndiyo mbovu. Rudisha plagi mahali pake mara moja, maana kwa hali hiyo vitufe vinafanya kinyume.

Ukiwa upande wa umeme

Anza na betri. Iliyojaa na kutulia husoma takriban volti 12.6; chini ya 12.2 ichaji kwanza. Injini ikiwaka, mita isome kati ya 13.8 na 14.4. Wakati stata inazungusha, volti zikishuka chini ya 9.6 betri imechoka. Kama stata inavivia lakini betri yenyewe haishuki hivyo, vichwa vyake vimelegea au vina kutu.

Fyuzi ipime pande zote mbili, usiitazame kwa macho tu. Halafu fuata njia hatua kwa hatua mpaka ufike mahali volti zinapopotea. Pima plagi ikiwa imeunganishwa na koili inafanya kazi, kwa sababu plagi iliyochomolewa itasoma volti 12 hata kama waya umebakia uzi mmoja. Weka ncha chanya ya mita kwenye chanya ya betri na nyingine kwenye waya unaoingia kwenye koili: zaidi ya volti 0.5 maana yake umeme unapotelea njiani. Rudia upande wa hasi, kutoka koili hadi hasi ya betri. Upande huu husahaulika, na bolti ya hasi kwenye fremu iliyopakwa rangi au kushika kutu husababisha ubovu unaokuja na kuondoka.

Koili ya volti 12 ikichomolewa husoma kwa kawaida ohm 4 hadi 9. Isiposoma kabisa imekatika ndani. Ikisoma karibu na sifuri imejishika (waya wake umegusana ndani), na ndiyo inayokata fyuzi. Fyuzi ikikatika pale tu unapobonyeza nyuma, usihangaike na mashine nzima. Kagua koili ya nyuma na waya wake.

Waya hukatikia zaidi mahali pale pale: kwenye bawaba ya mdomo wa kulishia unaokunjwa, na pale unapoegemea ukingo wa chuma. Utikise polepole huku mwenzako akitazama mita.

Sensa ya mwendo ya nyaya tatu kwa kawaida huwa na kahawia kwa chanya, buluu kwa hasi na nyeusi kwa ishara. Injini ikiwa imezimwa, ifungue kwenye bano lake, washa ufunguo tu, kisha pitisha spana mbele ya uso wake. Nyeusi ibadilike kila chuma kinapopita. Ukiirudisha, acha nafasi iliyoandikwa kwenye kitabu, mara nyingi milimita 1 hadi 3.

Ukiwa upande wa oili

Kabla ya yote, tazama kitasa cha kurekebisha kasi ya rola. Mtikisiko hukifunga chenyewe, na watu wamewahi kununua pampu kwa sababu hiyo.

Kisha tazama oili. Nyeupe kama maziwa ina maji. Yenye povu inavuta hewa. Nyeusi yenye harufu ya kuungua imepita joto lake. Hewa huingilia upande wa kunyonya, kati ya tangi na pampu, na hapo hutaona tone likidondoka kwa sababu mvujo unavuta ndani. Paka grisi kwenye kiungo kimoja kimoja. Mlio wa pampu ukibadilika, umekipata. Hakikisha pia kwamba shafti ya pampu inazunguka kweli. Mkanda unaoteleza, au kile kipande kidogo cha chuma kinachoifunga shafti na kapulingi (kiunganishi chake) kikikatika, huonekana sawasawa na pampu iliyokufa.

Baada ya hapo funga geji ya presha ya bar 0 hadi 250, au kubwa zaidi kama kitabu kinataka, kwenye tundu la kupimia. Presha ikiwa karibu na sifuri, shuku vali ya kupunguza presha (inayorudisha oili tangini presha ikizidi) iliyozuiwa wazi na uchafu. Weka alama kwenye skrubu yake kabla ya kuifungua, uhesabu mizunguko unapoifungua, uioshe vali kwa dizeli safi, uirudishe skrubu pale pale. Usiikaze kupita kiwango ili rola zipate nguvu. Utapasua mpira au sili ya mota.

Presha ikiwa nzuri oili ikiwa baridi lakini ikashuka ikipata moto, kuna uchakavu. Kujua ni pampu au mota, zima injini, toa presha, ziba mipira inayokwenda kwenye mota kwa plagi za haidroliki, halafu pima tena kwa muda mfupi. Fanya hivyo tu kama vali ya kupunguza presha iko kati ya pampu na pale ulipoziba. Presha ikipanda, mota ndiyo inayovujisha ndani. Isipopanda, ni pampu au vali hiyo.

Filta ya zamani ikate uitazame ndani kwenye mwanga. Chembe za manjano mara nyingi hutoka kwenye bushi za pampu. Za kijivu zinazoshikwa na sumaku ni chuma cha gia au beringi. Ukizikuta, osha tangi na usafishe mipira yote kabla ya kufunga pampu mpya, la sivyo chembe zile zile zitaila na hiyo.